Buluu Iliyonasa Sumu



Makanisani mwetu buluu ni rangi ya joho la Mama Bikira Maria. Majumbani ni ule unga ambao mama zetu waliutia katika maji ya mwisho ya kusuuzia shuka nyeupe. Tunaiona kila siku bila kuuliza imetoka wapi. Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya buluu moja iliyotengenezwa kwa mikono ya wanadamu, kwa kuwa habari zake zinamgusa mgonjwa na jirani yake.

Kwa karne nyingi buluu bora ilisagwa kutoka katika jiwe lililochimbwa kwenye milima ya Badakhshan, nchini Afghanistan, na bei yake ilishindana na ya dhahabu. Mnamo mwaka 1706 hivi, mjini Berlin, mtengeneza rangi aliyeitwa Johann Jacob Diesbach alikuwa akitafuta rangi nyekundu. Yasimuliwa kwamba potashi aliyoitumia ilikuwa imechafuliwa na mafuta yaliyotokana na damu ya wanyama. Badala ya wekundu akapata buluu nzito kama bahari ya kina kirefu. Ikaitwa buluu ya Prussia. Namna ya kuitengeneza ilifichwa hadi mwaka 1724, ilipochapishwa London, na tangu hapo buluu nzuri ikaacha kuwa mali ya matajiri peke yao. Mchoro wa zamani zaidi unaojulikana kuwa na rangi hiyo ni wa mwaka 1709, kazi ya Mholanzi Pieter van der Werff, nao unaonyesha Bwana wetu akizikwa.

Viwanda viliitia katika wino wa kuchapia na katika rangi za kupaka. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel aligundua njia ya kuchapa picha kwa rangi hiyo kwa msaada wa mwanga wa jua. Kutokana nayo zikaja zile karatasi za buluu zenye mistari myeupe, ambazo mafundi wa zamani walisomea ramani za majengo.

Lakini rangi hii ina jambo la ajabu zaidi. Ndani yake mna sianidi, ambayo ikiwa peke yake ni sumu ya kuua. Humo imefungwa na chuma kwa nguvu, hata mtu akiimeza rangi hiyo haimdhuru. Tena chembe zake zina nafasi ndogo ndogo zinazonasa sumu nyingine, yaani thaliamu na sesiamu, na kutoka nazo mwilini kwa njia ya choo. Rangi ya wachoraji ikawa dawa ya hospitali.

Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili walichukua mashine iliyotelekezwa katika kliniki ya zamani ya tiba ya mionzi, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu, ambao gizani ulitoa mwanga wa buluu. Waliouona walistaajabia uzuri wake. Wakaita ndugu na jirani, wakagawiana punje zake kama zawadi. Binti wa miaka sita, Leide das Neves Ferreira, aliucheza unga ule, akala chakula kwa mikono iliyokuwa nao.

Watu walipoanza kuugua, mke wa yule mnunuzi, Maria Gabriela Ferreira, alihisi kwamba kitu kile ndicho chanzo. Akasaidiwa kukibeba katika mfuko, akapanda basi, akakipeleka kwa wakuu wa afya. Kwa tendo hilo aliwaokoa wengi asiowajua. Watu zaidi ya laki moja walipimwa, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Wagonjwa 46 walipewa buluu ya Prussia. Sesiamu ambayo kwa kawaida huchukua siku 110 hivi kupungua nusu mwilini, kwa dawa hiyo hupungua nusu kwa siku 30 hivi. Hata hivyo wanne walifariki. Maria Gabriela na mtoto Leide walikufa siku moja, tarehe 23 Oktoba.

Ndugu zangu, kilichonisumbua zaidi katika habari hii ni mazishi. Jeneza la mtoto lilikuwa limekingwa kwa madini ya risasi, lakini umati ulikuja makaburini kuzuia asizikwe, na mawe yakarushwa. Aliyeuawa na sumu akatendewa kana kwamba yeye ndiye sumu.

Nasoma hayo nikikumbuka miaka yangu ya mwanzo ya upadre, kigangoni, siku za ugonjwa ambao watu waliutaja kwa minong'ono tu. Tulikwenda kumzika mama kijana. Jeneza lilikuwa tayari uani, na vijana waliozoea kubeba walisimama nyuma ya migomba wakitazama chini. Mmoja alivaa mifuko ya plastiki mikononi. Ndipo mabibi wawili wa jumuiya, ambao walikuwa wamemwogesha marehemu wakati wa ugonjwa wake, wakainama bila neno wakashika upande mmoja. Katekista nami tukashika upande wa pili. Hatukufika mbali kabla vijana hawajaona haya, wakaja kutupokea.

Sisemi tahadhari ni dhambi. Goiânia ilihitaji wataalamu na vipimo, na waganga wanapotuagiza tukae mbali na ugonjwa tuwasikilize. Lakini kuna kukaa mbali kunakomlinda mtu, na kuna kukaa mbali kunakomzika angali hai. Bwana wetu alipomwona mwenye ukoma alinyosha mkono akamgusa kabla hajamponya. Mguso ulitangulia.

Mwanga ule wa kupendeza uliwavuta watu kwenye kifo, na waliodhurika wakasaidiwa na rangi ya kawaida ya viwandani, iliyofanya kazi yake mahali pasipoonekana wala kutajwa kwa heshima. Mabibi wale wawili walikuwa hivyo. Hakuna aliyewashangilia, lakini hofu ya kijiji kizima iliishia mikononi mwao.

Katika jumuiya zetu wapo waliopona kifua kikuu ambao bado hunyweshwa kwa kikombe cha peke yao. Wapo wajane ambao mlango wao haubishwi hodi. Juma hili kila familia imtaje mmoja, kisha imtembelee, ikae, inywe naye chai.

Nawatakieni Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki nyote.