Gari linapozima kati ya Kasulu na Kibondo

Desemba inapokaribia, magari yenye namba za familia huanza kupanda kuelekea nyanda za juu za Kigoma. Wengine wanaishia Kasulu, wengine wanavuka Mto Malagarasi kwenda Kibondo, Kitahana na Kakonko. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na gari lililobeba watoto, magunia na godoro la bibi limeshachoka kabla halijaiona migomba ya kwao.

Zamani hadithi za njia hii zilikuwa za tope tu: udongo mwekundu, mvua, na abiria kushuka kusukuma. Ujenzi wa lami wa kilomita 260 kutoka Kabingo hadi Manyovu kupitia Kibondo na Kasulu umebadilisha mengi. Hata hivyo, lami haitengenezi giaboksi. Gari likifa kwenye pori, mbali na fundi, bado baba atasimama barabarani akitafuta mwenye kamba.

Na hapo ndipo hatari inapoanza. Anayesimama kusaidia mara nyingi ni dereva wa Fuso au mwenye trekta, mtu mwema kabisa, na kamba yake ni ya kufungia mizigo. Gari linalovutwa injini ikiwa imezima lina usukani mzito, na breki zake zinahitaji nguvu nyingi ya mguu. Kwenye mteremko wa kushuka mtoni, lile la nyuma hulikimbilia la mbele. Ndiyo maana mafundi wazoefu hupendelea chuma cha kuvutia badala ya kamba: chuma hakilegei.

Nchi nyingine hutumia kitela kidogo cha magurudumu mawili. Magurudumu ya mbele ya gari bovu hupandishwa juu yake na kufungwa kwa mikanda, ya nyuma yakabaki chini yakizunguka. Kwa IST au Passo, ambazo injini huzungusha magurudumu ya mbele, njia hiyo inafaa sana, kwa sababu giaboksi inapumzika. Ukiivuta Passo ya otomatiki kwa kamba kutoka porini hadi Kibondo mjini, magurudumu ya mbele yakiwa chini, unaweza kufika na ubovu mkubwa kuliko ule uliokuzimisha. Mark II ni kinyume chake: nguvu iko nyuma, hivyo ni lazima propela ifunguliwe au magurudumu ya nyuma ndiyo yanyanyuliwe. Gari linalosukuma magurudumu yote manne muda wote lipakiwe zima juu ya lori.

Wapo mafundi wa kuchomelea wanaoweza kuunda kitela cha namna hiyo kwa ekseli ya gari kuukuu, na kazi yao huwa nzuri. Tatizo ni makaratasi. Tanzania, tela husajiliwa TRA kama chombo kinachojitegemea, likapewa namba yake na kadi yake. Namba ya gari linalovuta haitoshi kulifunika. Anayetaka kuunda kwa ajili ya biashara aende ofisi ya TRA na kwa trafiki wa ukaguzi kabla ya kununua chuma, si baada. Aulize pia kampuni yake ya bima kama mkataba unagusa kile anachovuta. Bima ya gari la mbele haina lazima ya kulipa madhara yaliyofanywa na la nyuma.

Kadi ya gari bovu nayo huibua maswali yake. Familia nyingi hununua gari mkononi, wakakabidhiana kadi na funguo, basi. Kubadilisha jina kunasubiri "tukipata nafasi". Siku gari linapovutwa na mtu mwingine, dereva hajulikani, na kadi ina jina la mtu wa Tabata, trafiki ana haki ya kuuliza gari ni la nani. Kutoka Kibondo kumtafuta mwenye jina hilo kwa simu, mtandao ukikatika, ni kazi ya siku mbili.

Watoto wasikae ndani ya gari linalovutwa, hata mvua ikinyesha. Wapandishwe kwenye basi au gari jingine na mtu mzima mmoja. Anayebaki kwenye usukani awe mwenye leseni, funguo ikiwa imegeuzwa ili usukani usijifunge, taa za tahadhari zikiwaka kama betri inaruhusu. Pembetatu za kuakisi ziwekwe mbali nyuma ya gari. Matawi yanayotandazwa barabarani husaidia mchana, lakini usiku dereva wa lori huyaona akiwa ameshayakanyaga, na gari likiondoka ni lazima yatolewe.

Jua likishazama bora kulala. Kwenye vijiji vya njia hii mwenyeji akisalimiwa vizuri mara nyingi hatakosa kuonyesha pa kuegesha, na fundi hupatikana asubuhi.