Blauzi Iufuate Mwili

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mjini haikosekani cherehani. Aghalabu hutumika kwa kuziba kaptura za watoto, kuteremsha upindo wa sketi ya shule na kushona foronya. Lakini mwenye cherehani akitaka blauzi ya kwendea kazini, hufunga safari hadi kwa fundi, akaahidiwa Jumatano, kisha Jumamosi, kisha "njoo kesho, mama". Ukimwuliza kwa nini asijishonee, atakueleza kwamba alipata kujaribu. Alitafuta kiolezo cha karatasi, akakata kama kilivyoagiza, akashona, na blauzi ikambana kifuani huku ikimpwaya mabegani. Tangu siku hiyo ameamini kwamba ana umbo baya.

Mimi najishonea blauzi kwa miaka mingi sasa, na napenda kumtetea mama huyo. Umbo lake halina neno.

Violezo vya karatasi vyenye saizi mbalimbali vilianza kuuzwa mwaka 1863 na Ebenezer Butterick, fundi wa nguo wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Biashara ilistawi, kwani wakati ule cherehani zilikuwa zimeanza kuingia majumbani. Lakini kiolezo kinachouzwa kwa maelfu ya watu hakiwezi kumpima kila mmoja wao. Hapana budi mchoraji amfikirie mwanamke mmoja tu. Mwanamke wa violezo vya kawaida vya Marekani ana urefu wa sentimita 165 hadi 168, na tofauti kati ya kifua chake cha juu na kifua chake penye mwinuko ni kama sentimita 5. Pengine yupo. Mimi sijapata kukaa naye kiti kimoja katika basi la Mbagala.

Wanaotumia violezo vya Burda, gazeti la Kijerumani lililoanza mwaka 1950, wana jambo jingine la kuangalia. Kwa desturi violezo hivyo havina nafasi ya mshono, na lazima uiongeze mwenyewe, ilhali vile vya Marekani huwa nayo tayari, sentimita 1.5. Asiyelijua hilo hujikatia blauzi ikamtosha binti yake.

Wengi huchagua kiolezo kwa kipimo cha kifua penye mwinuko. Basi mwenye maziwa makubwa huchukua kiolezo kikubwa, na pamoja nacho hupata shingo pana, mabega mapana na makwapa yanayoning'inia. Heri apime kifua cha juu, futi kamba ikipita chini ya makwapa na juu ya maziwa, achague kiolezo kwa kipimo hicho, kisha aongeze nafasi pale tu inapohitajika.

Nafasi hiyo huongezwa hivi. Kwanza usikikate kiolezo chenyewe. Kinakili kwenye karatasi nyingine. Gazeti hili hili litafaa, baada ya kila mtu nyumbani kwisha kulisoma, ila usilipitishie pasi juu ya kitambaa cheupe. Chukua kipande cha mbele, utie alama pale kitakapofika kilele cha ziwa. Kutoka alama hiyo chora mstari wa kushuka wima hadi chini, sambamba na katikati ya mbele. Chora mwingine wa kupanda kwa mshazari hadi kwenye kwapa. Wa tatu utoke ubavuni, upite katikati ya kikunjo cha kifua, uishie kwenye alama. Kikunjo nakusudia lile pindo la pembe tatu linaloshonwa ubavuni ili kitambaa kilicho bapa kipate kufunika mwili wenye mwinuko.

Sasa kata mstari wa kwanza na wa pili mfululizo, kuanzia chini, lakini ukifika kwapani usimalizie. Acha karatasi ishikane kidogo. Kata na wa tatu kuanzia ubavuni, uache ishikane penye alama. Karatasi itafunguka kama mlango wenye bawaba. Ikiwa kifua chako kimezidi cha kiolezo kwa sentimita 6, ifungue kwa sentimita 3, kwa kuwa kipande hicho ni nusu ya mbele, na kingo za ufa wa chini ziwe sambamba. Utaona kikunjo kimepanuka chenyewe, na upande wa ubavuni umeshuka kuliko wa katikati. Ukate huo wa katikati kwa mlalo, uushushe hata ulingane na mwenzake, kisha ubandike karatasi nyuma ya nyufa zote. Shingo haikuguswa, wala bega, wala kwapa. Mwenye kifua kidogo hufanya kinyume: hulaza karatasi juu ya karatasi badala ya kuifungua, na kikunjo hupungua.

Urefu ni kazi nyepesi. Punguza au ongeza kati ya kwapa na kiuno, kamwe si penye upindo peke yake, la sivyo kiuno cha blauzi kitakaa juu ya nyonga zako.

Kitambaa nacho kina masharti yake. Kiolezo huwa na mshale unaotakiwa ulale sambamba na ukingo wa kitambaa, kufuata urefu wake. Agizo hilo lafaa kwa kitambaa chenye maua yaliyotapakaa. Khanga hailikubali. Khanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Imezungukwa na pindo, katikati ina mji, na upande wa chini limeandikwa jina. Ukiufuata mshale, pindo husimama wima na jina husomeka kwa kupindua shingo. Mimi hukigeuza kiolezo kilale kwa upana, chini ya blauzi kuangukie pindo la khanga, na jina lipite mgongoni karibu na kiuno. Pamba iliyofumwa sawasawa huvumilia mgeuzo huo, mradi ifuliwe kabla ya kukatwa, ili wanga utoke na isije ikarudi baadaye. Jina nalo lichague vema. Yako maneno ya khanga ambayo hayafai kusomwa na mkuu wako wa kazi unapompa mgongo.

Nimeieleza hesabu ya karatasi kwa kirefu kwa sababu ilinifaa katika jambo zito kuliko umalidadi. Dada yangu mkubwa aliondolewa ziwa la kushoto kwa ajili ya saratani. Kidonda kilipopona alirudi kazini kwake, ambako ni karani, lakini hakurudi katika nguo zake. Kila blauzi iliyomkaa vizuri zamani sasa ililegea upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Akawa anajitanda khanga mabegani ofisini, hata katika joto la Februari. Mialiko ya harusi aliijibu kwa kutuma zawadi. Shoga zake walimshauri ajaze kitambaa mahali palipo patupu, na wako wanawake wanaofanya hivyo na wakapata raha; yeye alijaribu, joto likamshinda.

Jioni moja aliniambia, "Nishonee dera pana tu, mdogo wangu, nijifunike."

"Dera nitakushonea, dada," nikamjibu, "lakini na blauzi vile vile."

Nilimpima kila upande peke yake: kutoka katikati ya kifua hadi ubavuni, na kutoka begani hadi kiunoni, kulia kisha kushoto. Alisimama kimya, akitazama ukutani. Kipande cha mbele nilikinakili mara mbili. Cha kulia nilikiacha na kikunjo chake. Cha kushoto nilikikata kwa ile mistari mitatu, nikalaza karatasi juu ya karatasi mpaka kikunjo kikajifunga kabisa. Kabla ya kugusa kitambaa cha fedha nilikata shuka kuukuu, nikaipiga bandi na kumvisha. Wazee wetu wangetumia merikani, kile kitambaa kilicholetwa Unguja na meli za Wamarekani katika karne ya 19 kikabaki na jina la watu hao.

Mambo mengine yalitokana na mwili wenyewe. Baada ya upasuaji wa namna hiyo mkono hupata taabu kuinuka, kwa hiyo blauzi ilifunguliwa mbele toka shingoni hadi chini. Mkono wa upande uliopasuliwa huweza kuvimba. Hivyo mkono wa blauzi wa kushoto niliupanua sehemu ya juu, usimbane. Mshono wa ubavu niliusogeza nyuma usisugue kovu. Kitambaa nilichagua cha maua madogo, maana mistari ingetangaza tofauti ya pande mbili. Vifungo sikuvitia alama kwa rula. Nilivitia alama blauzi ikiwa mwilini mwake, kimoja kimoja, na tofauti ndogo ya urefu iliyobaki niliimaliza penye upindo.

Aliivaa siku ya Jumatatu, khanga ameikunja mkobani, isije ikahitajika. Mwezi uliofuata alikuja na kitambaa kingine, cha samawati, akataka kola na mikono mifupi. Nilimkumbusha lile dera, ambalo nilikuwa nimekwisha kulikata. Akasema nilimalizie, nimpelekee mama.