Mkeka wa Dada Yetu

Wazee walisema: Tembea uone. Nasi mwaka 2018 tulitembea, tukaona. Na tuliyoyaona yalitutia haya. Twawaandikia habari hiyo pasipo kuficha neno, maana huenda kati ya nyumba zenu iko yenye shauri kama letu.

Tulitoka Bukavu, tukapita Goma na mpaka wa Bunagana, hata tukafika nchi ya Buganda, upande wa Masaka. Tulikwenda kufundisha Kifaransa kwa kujitolea muda wa muhula mmoja. Mshahara haukuwapo, shule ilitupa chumba na chakula. Lakini moyoni tulibeba mzigo. Dada yetu mdogo alikuwa ameposwa tangu miaka 2, wala harusi haikufungwa. Kisa chake kilikuwa karatasi ya mahari. Sisi, mzaliwa wa kwanza na msomi wa nyumba, ndio tulioiandika kwa mkono wetu: ng'ombe 6, mbuzi 4, na juu yake dola 2,000. Mposaji alikuwa mwalimu kama sisi. Mshahara wake tuliujua vema.

Jirani ya shule alikaa mzee mmoja, fundi wa nguo za magome. Kiganda hatukukijua, kwa hiyo mwalimu mwenzetu alitufasiria. Mti wenyewe huitwa mutuba. Majira ya mvua fundi hupara ganda la juu, hukata shina kwa kulizunguka, juu na chini, kisha hupasua gome kwa urefu na kulibandua zima, taratibu. Halafu hulifunga shina kwa majani ya migomba, kama mtu afungavyo kidonda, nalo huota gome jipya. Hivyo mti mmoja hutoa nguo miaka mingi. Gome likiisha kulainishwa, hupigwa juu ya gogo katika banda lisilo na kuta, lisije likakauka upesi. Nyundo ni za mti, nazo zimechongwa mifereji: kwanza hutumika ile ya mifereji mipana, mwisho ile ya mifereji myembamba. Gome hupanuka, hulainika, na likianikwa juani huwa jekundu kama udongo wa chungu.

Zamani Waganda, wake kwa waume, walivaa nguo hiyo. Vitambaa vya pamba, vilivyoletwa na misafara ya Waarabu katika karne ya 19, viliipunguzia nafasi. Hata hivyo haikufa: huonekana katika maziko, hata katika kutawazwa kwa Kabaka. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa wanadamu wote.

Siku moja tuliomba nyundo. Tukataka kuonyesha nguvu zetu, tukapiga sana, gome likapasuka. Mzee hakukasirika. Alitwaa sindano, akashona kiraka, akasema: "Mwalimu, ukipiga kwa hasira utapata matambara. Ukipiga kwa kiasi utapata nguo." Tulicheka pamoja naye, tukadhani amesema habari za gome tu.

Baada ya Pasaka mzee alitualika nyumbani kwake. Binti yake alikuwa akimleta mchumba mbele ya wazazi. Desturi hiyo Waganda huiita kwanjula, nayo hutangulia ndoa ya kanisani. Wageni walingoja langoni, wanaume katika kanzu nyeupe na makoti, wanawake katika magomesi yenye mishipi mipana. Kila upande ulikuwa na msemaji wake. Wa nyumbani aliuliza kwa mzaha: "Ninyi ni nani, na mmepotelea wapi?" Wa wageni alijibu kwa adabu, na watu wakacheka. Kisha shangazi wa binti akapita kati ya wageni, akamtafuta mchumba, akamwonyesha kwa watu wote. Zikaletwa zawadi katika vikapu: kanzu ya baba, gomesi ya shangazi, sukari, sabuni, nyama. Mwisho akaletwa jogoo. Huyo ni wa kaka wa binti. Akimpokea, dada yake amekwisha kuozwa. Kaka alisimama, akampokea kwa mikono miwili. Mzee akasema kwamba vilivyoletwa vyatosha.

Jioni tulimwendea kaka yule. Yeye ni mwendesha pikipiki, hakusoma sana. Tukamwuliza: "Ndugu yetu, mbona hamkudai zaidi?" Akajibu: "Tukiwamaliza leo, kesho dada yangu atakula nini?"

Tulinyamaza. Tulisoma seminari miaka mingi, lakini jibu la swali hilo hatukuwa nalo.

Siku ya kuondoka, mke wa mzee alituletea mkeka wa ukindu alioufuma mwenyewe, wenye mistari ya rangi. Alikuwa amesikia kwamba tuna dada aliyeposwa. "Mpelekee," alisema, "autandike siku mtakapowapokea wakwe zenu." Tuliupokea huku tumeinama, maana aliyeizuia siku hiyo ni sisi.

Tulipofika nyumbani tulimwambia baba yote. Alikasirika: "Wataka watu waseme binti yangu hana thamani?" Tukamjibu: "Baba, ng'ombe ni heshima ya Bashi, wala hatuidharau. Lakini karatasi hii si heshima; ni tamaa, nami ndiye niliyeiandika." Ukoo ulikaa mara 3. Mwishowe walipatana ng'ombe 2, na zile dola zikafutwa. Baba mdogo mmoja hakukubali, wala hakuja harusini; hata leo twaona uchungu kwa ajili yake. Lakini mwaka uliofuata dada yetu alifunga ndoa kanisani, na wakwe walikalia mkeka ule kutoka Buganda.

Ninyi mlio kaka, hasa ninyi mliosoma na kukabidhiwa kalamu ya ukoo, tusameheni tukiwaonya. Kabla ya kuandika hesabu, mfikirini dada yenu jikoni mwake, mwaka baada ya harusi. Mtu akilipa kwa deni, mkewe naye atalilipa. Pigeni kwa kiasi, mpate nguo.