SEHEMU YA 6: FILAMU YA MAPENZI ANAYOIANGALIA BINTI YAKO

Leo tunaweka pembeni chanjo na lishe, tuongelee filamu. Wenye mabinti wa miaka 13 hadi 17, someni mpaka mwisho.

The Kissing Booth ilitoka Netflix mwaka 2018, na mabinti wengi bado wanaiangalia. Elle na Lee walizaliwa siku moja, wamekua kama mapacha, na wamewekeana sheria zao. Mojawapo: ndugu wa mwenzako usimguse. Elle akaangukia kwa Noah, kaka yake Lee.

Mwanzo unachekesha, na urafiki wa hao wawili unapendeza kweli. Ila hadithi inayumba. Elle kafiwa na mama yake, filamu inalipitia hilo haraka haraka, kisha tunarudi kwenye pati na mabusu. Jamani, binti asiye na mama anapenda kwa mara ya kwanza! Hapo ndipo palipokuwa na hadithi, nao wakaparuka.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Elle anaenda shule na sketi fupi, mvulana anamshika makalio. Zinapigwa ngumi, halafu yanaisha kama utani, hata anakubali kutoka na mvulana huyo huyo. Noah naye anawatisha wavulana wengine wasimsogelee. Kwenye pati moja anamfokea Elle aingie kwenye gari huku akilipiga gari kwa mkono. Na filamu inataka tuone hayo ni mapenzi!

Mimi ni nesi. Mabinti ninaowahudumia huniambia, "Ana wivu kwa sababu ananipenda." Ukimuuliza zaidi, unakuta simu yake inakaguliwa, marafiki kakatazwa, na hata kupima afya mpaka mwenzie aruhusu. Mama, hayo si mapenzi. Huko ni kutawaliwa, na mara nyingi kipigo hufuata.

Sasa ufanyeje? Usimnyang'anye simu, ataiangalia kwa jirani. Kaa naye muitazame pamoja. Ikifika pale kwenye gari, simamisha, umuulize:

1. Ungekuwa wewe, ungejisikiaje?
2. Elle angeweza kukataa bila kuogopa?
3. Rafiki yako akifanyiwa hivi, ungemwambia nini?

Ukishauliza, nyamaza. Msikilize. Usigeuze kuwa mahubiri, atafunga mdomo na hatarudi tena. Na watoto wa kiume waiteni pia wakae hapo, maana na wao wanajifunza kwa Noah.

Akikuambia kuna mtu alimshika, neno la kwanza liwe "nakuamini", la pili "si kosa lako". Habari ya sketi usiiguse. Tanzania na Kenya mnaweza kupiga 116, ni bure.

Wikiendi hii jaribuni, halafu mniandikie hapa chini alijibu nini. Sehemu ya 7 tutaanzia kwenye majibu yenu.