Kapu la Mzee wa Baiskeli



Juma lililopita, baada ya chakula cha pamoja hapa parokiani, mama mmoja alitujia akiwa amekasirika. Kijana mgeni kutoka ng'ambo alikuwa ameisukuma pembeni sahani yake ya ugali na dagaa bila kuionja. "Baba, nimeamka alfajiri kupika," alisema, "na yule mtoto ameniaibisha mbele ya wenzangu." Tulimpa pole, lakini hatukuweza kumlaani kijana. Nasi tuliwahi kufanya hivyo, tena vibaya zaidi, na leo tunaomba kuwasimulieni.

Mwaka 2004 tulifika Mexico City kwa masomo, sisi watatu kutoka Tanzania. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Tanga hulala usiku akiwa amejikunyata. Hata hivyo, baridi haikututesa kama chakula. Tulipoambiwa kwamba tutakula taco tulicheka, kwa maana jina hilo masikioni mwa Mswahili lina maana isiyotamkwa mezani. Kwa staha tunaliandika kama waandikavyo wenyewe. Tulipoletewa tulikuta tortiya, yaani vikate vyembamba vya mahindi vilivyokunjwa juu ya kitoweo. Tukavitazama kwa dharau. Mahindi tunayo kwetu, tulisema, na sisi ndio tunaojua kuyapika.

Penye lango la makao yetu, kila asubuhi, alisimama mzee mmoja na baiskeli. Nyuma yake alikuwa amefunga kapu kubwa lililofunikwa kwa plastiki na vitambaa. Aliuza zile ziitwazo taco za kapu, ambazo wauzaji wake wengi hutoka jimbo la Tlaxcala: hujazwa viazi, maharage au nyama, hupangwa zikiwa moto, kisha huachwa zitoke jasho kwa joto lake zenyewe. Siku ya kwanza mzee yule alitupa moja moja, bure, kwa kutukaribisha. Tulishukuru kwa heshima zote, tukapinda kona, tukamtupia mbwa. Zilikuwa laini, zimelowa mafuta, nasi tulijiona wasomi.

Njaa ni mwalimu asiyelipwa. Jioni moja ya mvua tulisimama mbele ya kibanda chenye mshikaki mkubwa uliosimama wima, nyama nyekundu ikizunguka mbele ya moto na nanasi likiwa juu yake kama kofia. "Hii si shawarma?" aliuliza mmoja wetu. Hakukosea sana. Wahamiaji kutoka Lebanon ndio waliokwenda na ufundi huo, na mjini Puebla, katika miaka ya 1930, nyama hiyo iliuzwa ikiwa imefungwa ndani ya mkate wa Kiarabu. Baadaye wenyeji wakaweka nguruwe, wakaipaka pilipili na mbegu nyekundu za achiote, wakairudisha kwenye tortiya yao. Huiita al pastor, maana yake kwa namna ya mchungaji. Muuzaji alikata nyama, akarusha kipande cha nanasi hewani na kukidaka kwa tortiya, akaongeza kitunguu, kotimiri na ndimu. Tulikula tatu tatu, kisha tukaacha kuhesabu.

Tangu hapo tulikuwa wanafunzi wa aina nyingine. Katika jimbo la Hidalgo, Jumapili baada ya Misa, tulikula barbacoa: kondoo aliyeiva usiku kucha shimoni, amefunikwa kwa majani ya maguey. Mwenzetu aliyezaliwa Tanga aliokota jani, akaligeuza, akapaza sauti: "Lakini huu ni mkonge!" Tukaelezwa kwamba mimea hiyo ni ndugu, na kwamba mkonge wetu asili yake ni Meksiko, Wajerumani waliuleta Tanganyika mwaka 1893 kwa kupitia Florida. Kule Yucatán tulikuta nguruwe aliyekolezwa maji ya danzi na kufungwa kwa majani ya mgomba. Kwaresima ilipofika, tulikula taco za mpungate, ule mmea wa miiba, na zile za samaki wa kukaanga na kabichi ambazo mji wa Ensenada unajivunia.

Lakini tortiya yenyewe ndiyo iliyotunyamazisha. Mahindi yalianza kulimwa huko huko Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita, na Afrika yalifika katika karne ya 16. Sisi tunayaita mahindi kana kwamba yalitoka India! Akina mama wa kule huyachemsha kwa maji ya chokaa, huyaacha yalale humo, huyaosha, ndipo huyasaga. Chokaa hulainisha ganda na kuifungua vitamini ambayo vinginevyo mwili huikosa. Maskini wa Ulaya, waliopokea mahindi bila kupokea maarifa hayo, waliugua pelagra na wengi wakafa. Kumbe waliokuwa wakijua kuyapika ni wale tuliowadharau.

Mwaka wa pili fedha zetu za matumizi zilichelewa. Wiki moja ikawa mbili, nazo barua zetu hazikujibiwa. Siku ya nne ya kushindia chai tupu, tulipita langoni tukiwa tumeinamisha macho. Mzee wa baiskeli akatuita. "Vijana, siku hizi hamli?" Tulimwambia ukweli. Hakusema neno. Alichana kipande cha boksi, akachora alama tatu kwa kalamu ya risasi, akafunua kapu.

Alitulisha kwa siku kumi na tisa. Viazi, maharage, viazi tena. Ule mvuke uliotupanda usoni kila alipofunua kitambaa, tunausikia hata leo.

Fedha zilipofika tulimwendea siku hiyo hiyo. Alihesabu alama zake kwa kidole, polepole, akapokea malipo yote bila kutusamehe hata senti. Tulimshukuru kwa hilo, maana angekataa angetufanya ombaomba. Ndipo ikatulazimu kusema. "Mzee, ziko tatu ambazo hazimo katika hesabu hiyo." Tukamweleza habari ya siku ya kwanza.

Alicheka hata akakohoa. "Niliwaona," alisema. "Lakini mbwa yule naye alikuwa na njaa."

Kisha akatupa moja moja, nasi tukazila pale pale mbele yake, tumesimama, mafuta yakitiririka viganjani. Moyoni tulijua kwamba miezi ile yote alikuwa ametusalimia kila asubuhi, akijua.

Mwaka 2010 UNESCO iliyatambua mapishi ya jadi ya Meksiko kuwa urithi wa binadamu, na mwaka 2024 kibanda kidogo cha taco mjini Mexico City kilipewa nyota ya Michelin. Tulifurahi kusikia. Hata hivyo, nyota ya kwanza tungemvika mzee yule, ambaye hata jina lake hatukuwahi kumwuliza, na hilo nalo ni deni.

Kwa hiyo, mama yetu mpendwa, tunakuomba usimchoke yule kijana. Hajaudharau mkono wako. Bado hajapata njaa ya hapa. Jumapili hii mpakulie tena, kidogo tu, nawe umsalimie kama kwamba hukuona kitu. Na kijana naye, kama atasomewa maneno haya, tunamwahidi kwamba dagaa wa mama huyu hawana mfano.

Tuwatakieni Jumapili njema.