Nimehama Dhehebu: Je, Ngoma ni Halali?

Nililelewa Shinyanga katika dhehebu lililohesabu ngoma zote kuwa ibada ya mashetani. Nimekwisha kulihama, lakini kila mwaka, sikukuu ya Bulabo ikaribiapo huko Bujora, karibu na Mwanza, swali hunijia: je, ni halali niende?

Yafaa tukumbuke kuwa Bulabo yenyewe ilikuzwa na Wakatoliki, akiwamo Padre David Clement kutoka Kanada, pamoja na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Basi, lililokuwa dhambi katika nyumba moja ya Mungu lilikuwa shangwe katika nyingine. Nayo bugobogobo ni ngoma ya jembe, iliyozaliwa shambani watu wakilima kwa pamoja.

Hata hivyo, Bagika na Bagalu hushindana pia kwa dawa za kuvuta watazamaji. Hizo sizitaki, kuacha amri za dhehebu hakunilazimu kuamini kila kitu kingine.

Amebaki mama, ambaye bado ni mwumini. Sitamficha. Nitamuaga kabla ya safari, na nirudipo sitamwimbia asiyotaka kuyasikia.