Glavu za Kuanika

Vijana wa leo wakiingia thieta wanachana pakiti, wanavaa glavu, na kazi ikiisha wanazitupa. Sisi zetu tulizifua. Miaka ya sabini, katika hospitali ya wilaya huku pwani, jozi moja iliingia matumbo ya watu wengi kabla ya kustaafu. Zilining'inia kambani kama pweza walioanikwa. Zikikauka, tulijaza hewa moja moja na kuisogeza shavuni. Ukihisi upepo, imetoboka, itiwe kiraka. Nzima zilipakwa poda, kisha zikaingia otoklevu iliyovuma juu ya jiko la mafuta ya taa. Poda ile haikutoka mikononi. Jirani yangu alikuwa akiniuliza, "Shoga, leo mmekanda maandazi mangapi huko?"

Na etha je! Harufu yake tamu, nzito, ilikufuata hadi kitandani. Kwa kuwa hushika moto upesi, umeme ukikatika karabai ilikuwa marufuku. Mmoja wetu alishika tochi mpaka mkono ukafa ganzi. Mashine ya kupima oksijeni hatukuwa nayo. Kidole kilikaa kwenye mshipa wa mgonjwa, jicho kwenye damu. Sista wetu mkubwa akisema, "Daktari, damu inatia weusi," kisu kilisimama, awe daktari bingwa au nani.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na baada ya hapo nani angeingiza mkono kwenye glavu ya kiraka bila moyo kumdunda? Viraka sivililii. Ninacholilia ni zile alasiri za kukata shashi na kuzikunja, makasi yakilia, chai ya tangawizi pembeni. Posa zilipangwa pale, na mawifi walipatanishwa pale. Siku hizi shashi huja zimekatwa, na kila mtu ana simu yake.

Lakini mgonjwa kapata nafuu, tusidanganyane. Ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2008, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ni ya hapa kwetu Ifakara. Ina maswali ya kuuliza kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka. Kwa hiyo ukilazwa kitandani, nesi akakuuliza tena jina lako na unapasuliwa wapi, usimkasirikie mwanangu huyo. Mjibu.